Baridi ya Darini

…shuka basi, unangoja nini, mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea, umeng'ang'ania pale pale ulipokuwa jikoni, bado unalikumbuka jiko la mama, bado haujaamini kwamba umehamishwa, na Mevlida anauelewa, maana yeye pia aliporudi kutoka mjini Niš alikaa miezi mwili uko huku na kichwa kiko kule, lakini ushuke jamani, amepiga magoti juu ya boriti, mgongo umejikunja chini ya kenchi kama mtu aliyefumaniwa akiiba kuku, kichwani taa ya babo, marehemu baba yake, ile ya kuzalishia kondoo, mkononi kipimajoto cha jikoni chenye picha ya mfuko wa mbolea, na pumzi yake mwenyewe inatoka nyeupe na kumziba macho asisome… hiki ndicho kifaa, mabibi na mabwana, miaka ya chuo, fizikia ya majengo, kamera inayoona joto likitoroka ukutani kwa rangi nyekundu na njano, darasa zima lilikuwa likigombania kuishika, na leo mhandisi Mevlida, mwenye shahada iliyolala kabatini chini ya vitambaa vya meza, anapima paa la kwao kwa zawadi ya muuza mbolea, haya, ushuke, watu wanangoja.

"Wee injinia," sauti ya Rešad kutoka uani, inapita kwenye vigae kana kwamba vigae havipo, "umekuta nini, au umelala huko?"

"Ngoja."

"Nangoja, miguu imeshakufa."

"Si uingie ndani."

"Nikiingia mama atanilisha," na hapo kaka yake amesema kweli tupu, kwa sababu akiingia atakaa, akikaa italetwa pita ya jibini iliyookwa alfajiri, kisha nyama iliyokaushwa, kisha kahawa, na hakuna mtoto wa mama huyu aliyewahi kula kwenye ile meza kisha akasimama na kumtoa mtu nyumbani kwake, anajua, ndiyo maana anagandia uani kando ya gari linalonguruma, hataki kulizima asije akakosa kuliwasha tena, moshi unapanda mweupe mpaka kwenye miperuzi ya jirani… hapana, si miperuzi, miti ile ina jina lake na sasa limempotea, baridi inamlia maneno… misonobari, ndiyo, misonobari, na Rešad si mtu mbaya, mtu mbaya asingefunga safari kutoka mjini Pazar kwenye barabara hii ya barafu, ana karakana ya kushona jinzi, ana vyumba viwili ghorofa ya tano ambako mabomba ya joto hupiga moto bila mtu kupasua gogo hata moja, na anataka mama ahamie huko, leo, na nyumba ifungwe mpaka majira ya kuchipua, ni hilo tu, mpaka majira ya kuchipua, na katika uwanda huu wote wa Pešter hakuna asiyejua nyumba zilizofungwa mpaka majira ya kuchipua zimefunguliwa ngapi. Paa ndilo shahidi wake. Asubuhi alimsimamisha uani, theluji ikiwafika kwenye muundi, akanyoosha kidole, tazama, akasema, paa la Ćamil jeupe pe, la Murat jeupe, la kwetu lina kidoa cheusi pale kwenye dohani kama jino lililong'oka, mnawapasha moto kunguru nyinyi, na kunguru kweli alikuwa amekaa hapo hapo kwenye vigae vilivyoachwa wazi, amejikunyata kwa raha zake kama mstaafu kwenye benchi. Huo ni utani wa huku, theluji ikianguka usiku, asubuhi watu wanasomeana mapaa, dukani, mlangoni mwa msikiti, paa la nani limeyeyuka kwanza, fulani anawapasha moto kunguru, na aliyechekwa mwezi wa kwanza atachekwa mpaka kondoo watoke zizini, babo mwenyewe alikuwa bingwa wa utani huo, alimcheka Ćamil wa watu mpaka Ćamil akahamia Linz, si kwa ajili ya kicheko, kwa ajili ya kazi, lakini babo alipenda kujisifu kwamba ni kicheko… na ndilo jambo ambalo hakuna aliyelisema pale uani, la Ćamil ni jeupe kwa sababu Ćamil yuko Linz, la Murat ni jeupe kwa sababu Murat yuko Sweden na watoto wake wanaogopa ng'ombe, ghorofa tatu, matofali hayajapigwa hata lipu, milango ya vioo, na ndani hakuna anayepumua, theluji inakaa kwenye paa la nyumba isiyo na mtu kama inavyokaa kwenye jiwe, ukisahihisha mtihani kwa kutazama theluji peke yake basi mwanafunzi bora wa kijiji hiki ni nyumba ambayo sufuria ya mwisho iliepuliwa miaka mingi iliyopita, na wiki ijayo, mama akipanda lile gari, la kwao nalo litapata alama zote, jeupe, safi, hata kunguru atahama.

Mstari umeanza. Umetikisika kidogo, umeshuka upana wa ukucha. Chini mama anakohoa, si kikohozi, ni ile njia yake ya kusema nipo, asubuhi Rešad alipomaliza hotuba ya mabomba ya joto na lifti na daktari aliye mtaa wa pili, mama alifuta mikono kwenye aproni akasema mtakavyoona wenyewe, akaenda kuvaa koti, akafunga vifungo vyote, akaweka mkoba miguuni, akakaa karibu na jiko kama abiria, kisha… hili Mevlida aliliona na Rešad hakuliona… akafungua kijilango cha jiko akatia gogo la mfune, gogo nene, lile la kuanzia adhuhuri mpaka jioni, mtu anayeondoka hatii gogo kama lile, mtu anayeondoka anaacha moto ufe, na Mevlida alipanda ngazi na lile gogo mgongoni, ndivyo alivyojisikia, maana kauli sasa ni yake, kaka amesema wewe ndiye uliyesoma, ukisema paa linafaa mama anabaki, ukisema halifai namchukua, na kwa mara ya kwanza tangu apate hiyo shahada kuna mtu ameiuliza swali, si ofisi iliyomkalisha kwenye korido kisha ikamwajiri mpwa wa mtu, si yule kijana wa ruzuku za serikali aliyekuja mwaka jana kukagua mapaa akalikagua lao akiwa ndani ya gari, hakushusha hata kioo, akasema linafaa, au halifai, hakuna aliyemsikia, injini ilikuwa inanguruma… na sasa swali limekuja na hakulipokea kwa moyo mweupe, basi na tuseme tu, hakuna anayesikia huku zaidi ya buibui waliokufa, kuna kipande chake kilichokuwa kinaomba paa liwe bovu, liwe chujio, mbao tupu na mavi ya njiwa, kwa sababu paa bovu lingemfungua na yeye pia, mama Pazar, nyumba kufuli, na binti anatupa shoka kwenye theluji na kwenda popote, asipasue kuni tena, asiamke alfajiri kuchokonoa majivu, asiulizwe tena na wanawake wa kijiji, eti Mevla, bado hujapata, bila kusema kama ni kazi au mume, wanaliachia neno wazi lijichagulie… na angeondoka na hasira yake ikiwa nzima, hasira ya babo aliyekufa bila kuliziba paa akamwachia yeye baridi hii yote kama urithi.

Anahamisha goti, boriti inamkata, goti linateleza pembeni kwenye zulia kuukuu lililotandazwa, mazulia yametandazwa huku kote, aliyaona alipochungulia lakini akadhani ni takataka za kawaida za darini… na goti linazama. Linazama polepole kama kwenye godoro. Anatulia. Anakumbuka onyo la kila mhandisi, usikanyage kati ya boriti utatokea jikoni na dari lote, lakini halivunjiki kitu, goti limekaa kwenye kitu laini chenye ubishi kidogo, kinachorudisha, naye anaujua urudishaji huo tangu utotoni, mwili unaujua kabla ya kichwa, anashika ncha ya zulia, anainua, na taa ya kuzalishia kondoo inamulika kondoo… sufu. Nyeupe yenye manjano kwa mbali, imechambuliwa, imefumuliwa kwa vidole kipande kwa kipande mpaka ikawa kama povu, imejaa kati ya boriti na boriti kutoka hapa mpaka taa inapokomea, na harufu inapanda, kondoo, sabuni ya mama ya kipande, na kitu kichungu juu yake, majani ya mjozi, makavu, yamenyunyizwa kote ili nondo wasisogee. Hii ni sufu iliyofuliwa. Hii ilifuliwa mtoni, anaijua, yeye mwenyewe alikuwa na miguu majini hadi magotini, msichana wa darasa la sita, mama na nana, bibi yake, wakiipiga kwa vijiti kwenye mawe na kuimba mambo ya aibu kuhusu wanaume wa kijiji cha pili, kila kiangazi gunia moja, mpaka itoshe magodoro mawili na mifarishi minne, sufu ya Mevlida, sufu ya siku yake, kila binti wa huku ana ya kwake, inakusanywa tangu anapoanza kutembea mpaka anapoolewa, na magunia yake yalikaa huku juu miaka yote, juu ya kichwa chake hasa, juu ya chumba chake, na alipokuwa amelala aliweza kuyahisi yakimtazama kupitia mbao za dari kama mashangazi wanene wasiosema kitu, ndiyo maana hakupanda huku hata siku moja tangu arudi, injinia wa majengo anayeishi chini ya dari asilolijua, kwa sababu ya magunia, mama akiulizwa na majirani anasema sufu yake ipo, tayari, juu, na Mevlida anatoka na kuubamiza mlango.

Magunia yenyewe ni yale pale, anayaona, yamekunjwa vizuri, yamewekewa kipande cha tofali juu yasipeperuke, matupu.

"Injinia," Rešad tena, "sema neno, hata matusi."

"Bado kinashuka."

"Nini kinashuka?"

"Kipimajoto."

"Si unaona, kinashuka, yaani baridi, mimi nimeona hilo kutoka huku chini bila kipimajoto," na anacheka peke yake uani, na kicheko chake ni cha babo, hilo ndilo la ajabu, babo amekufa tangu wakati wa kukata nyasi lakini kicheko chake kimebaki kinaota moto kwenye koo la mtu mwingine… lini, ni lini alifanya hivi, si kabla ya masomo, kabla ya masomo magunia yalikuwa mazima, alisaidia mwenyewe kuyapandisha, ni baada, ni ule msimu wa majani kuanguka, ndiyo, alipopiga simu kutoka Niš, amesimama kwenye kituo cha basi, akasema babo, hakuna kazi, wamempa mtu mwingine, na ile nyingine pia, na chumba nimetakiwa kuhama, na babo upande wa pili, akisikia upepo kwenye simu, akasema njoo, chumba chako kipo, basi, hayo tu, chumba chako kipo, na yeye akakata simu na kulia kwa ghadhabu kwenye basi njia nzima kwa sababu alitaka mtu ampigie serikali kelele, mtu aseme wamekuonea mwanangu, na baba yake anampa chumba, kana kwamba amekosa kitanda tu… na alipofika, theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, alimkuta babo anashuka kwenye ngazi hii hii, midomo ya bluu, nywele zimejaa nyuzi nyeupe, yeye akadhani ni utando wa buibui, na mzee anatabasamu kama aliyeokota ng'ombe, akimwambia mama, baridi huko juu, Hajrija, baridi ya kuua, alhamdulillahi, na mama akajibu alhamdulillahi kwa uso mkavu kabisa, na Mevlida na begi lake mlangoni akajisemea basi, wazee wangu wamechanganyikiwa, wanashukuru baridi.

Baridi huko juu. Yeye aliyesoma. Wallahi ni jambo la ukurasa wa kwanza, darini kukiwa na joto ujue moto unatoroka, unapanda kupitia dari na kuyeyusha theluji na kumstarehesha kunguru, darini kukiwa na baridi sawa na nje ujue joto limebaki chini na wenyewe, kila kiwango kinachoshuka kwenye hiki kijiuzi chekundu ni kiwango kilichobaki jikoni kwa mama, amekaa hapa anatetemeka meno yakigongana na kila anavyotetemeka ndivyo habari inavyokuwa njema… na theluji juu ya upande wa chumba chake haijawahi kuyeyuka mpaka jua lenyewe liamue, na zile asubuhi za majira mawili ya baridi sasa, anaamka akiwa amechelewa kama bibi mkubwa, moto umekufa tangu usiku wa manane na chumba bado kina uvuguvugu kama mkate uliofunikwa kitambaa, naye amelala humo akilikodolea dari macho na kulihutubia, akiitukana nchi, akimtukana mpwa wa mtu, akiyatukana magunia, na magunia yalikuwa yameshafunguliwa, yalikuwa yamemlalia juu yake yakiwa wazi, mifarishi minne na magodoro mawili, siku yake yote imetandikwa juu ya chumba cha binti asiye na kazi wala mume, bila shairi, bila hotuba, na mama alijua, kumbe mama alijua, nani mwingine angechambua sufu namna hii, babo vidole vyake vilikuwa vya koleo, ni mama aliyekaa jikoni akaifumua, kazi ya mikono yake na ya marehemu nana, viangazi vyote vile, akampa babo gunia kwa gunia kwenye tundu la dari, na majirani wakiuliza anajibu ipo juu, tayari, macho makavu… na kuambiwa asiambiwe, maana angeambiwa angefanya nini, angesema si mngeninunulia pamba ya kioo yenye cheti, angesema hivyo hasa, anajijua mdomo wake.

Na kazi ina makosa yake, sufu haikufika pembeni kabisa, chini ya ukingo wa paa upepo umeingiza theluji, kilima kidogo cheupe ndani ya nyumba, na mlango wa dari hauna hata kitambaa cha kuuziba, joto la jikoni linampuliza usoni kupitia ufa wake sasa hivi, haya mambo ni ya siku moja kuyarekebisha, na sufu ipo, sufu siku hizi hainunuliwi na mtu, wanaitupa mabondeni, uwanda mzima una kondoo wengi kuliko watu na mapaa yako uchi na sufu inaozea mabondeni… anakatisha wazo, anajijua, wazo kama hilo ukiliachia litaomba ofisi na muhuri, lakini halijaondoka, limekaa pembeni limekunja miguu.

Anasogea kwenye boriti kuelekea dohani, goti, mkono, goti, akaone jino lililong'oka la Rešad, aibu ya ukoo, na taa inaonyesha sufu ikikoma ghafla, si kwamba iliisha, imekomeshwa, ukingo umenyooka, umezuiwa kwa matofali yaliyopangwa duara na kuunganishwa kwa udongo, na kati ya matofali na dohani pameachwa wazi, upana wa mkono wa mtu mzima, hakuna uzi, hakuna jani la mjozi, pamefagiliwa, na anaweka kiganja kwenye dohani na kukitoa haraka, moto, gogo la mfune linafanya kazi yake, kidoa cheusi ni hiki basi, ni hiki tu, dohani linapumua na vigae vinavyolizunguka vinakauka, mzee alikubali achekwe na kijiji kizima, yeye, bingwa wa kucheka wenzake, aliachia kunguru kiti mbele ya macho ya watu ili sufu isiguse moto na wanawe wasiungue usingizini, na alipochekwa mlangoni mwa msikiti… Mevlida anakumbuka, alichekwa, Zulfo safari hii ni wewe, wakamwambia… alijibu, kunguru naye ana watoto. Akanunua kahawa kwa wote.

Upande wa pili wa dohani ni juu ya chumba cha wazee. Huku sufu ni nyembamba, inaonekana ilipunjwa ili upande wake yeye ujae, na ilipokoma wamejaza walichonacho, zulia la manyoya ya mbuzi, blanketi la jeshi la nchi ambayo haipo tena, mapazia, na mwishoni kabisa, juu ya mahali ambapo chini yake kuna mto wa mama, mama hulala upande wa dirisha, taa inaangukia kitu chenye mikono miwili imefunguliwa. Koti. Koti la babo la ngozi ya kondoo, la kwenda nalo zizini, la kwenda nalo sokoni Sjenica, limetandazwa manyoya chini, mikono huku na huku kama mtu aliyelala kifudifudi anayeshikilia kitu kisipeperuke, na yeye anaomboleza na kucheka kwa wakati mmoja bila sauti, maana koti hili lililiwa na panya, jamani, majira yote ya baridi ya mwisho babo alitembea na koti la mpira la mvua juu ya sweta mbili, liko wapi koti lako mzee, panya wamelila, na mama akaweka mitego kila pembe ya ghala, akawalaani panya, akawalisha sumu, mpaka leo akimwona panya anamwambia mshenzi wewe, koti la mume wangu, hili mama hajui, hili babo alilipandisha peke yake.

Anaingiza mkono kwenye mkono wa koti. Kuna baridi humo, baridi safi, kavu, na anataka kulivuta, alishushe, alipige vumbi, mama alinuse, vidole vimeshalikamata… na anaacha. Ukilivuta unamfunua mama. Likae. Asante, anasema, na hajui anamwambia nani kati ya hao wote, mzee, mama, nana na vijiti vyake, kondoo ambao hata majina hawakuwa nayo, asante kwa chumba, kilikuwepo kweli, ulisema kipo na kilikuwepo, mimi nilidhani unanipa kuta, asante babo, na hasira ipo, asidhani mtu imeondoka, mpwa wa mtu bado amekaa kwenye kiti chake Mevlida na siku moja atamwinua, lakini leo hasira imekaa upande mmoja wa dari na kitu kingine kimekaa upande wa pili, na huenda ataondoka mwakani, au hataondoka, kwa mara ya kwanza haya mawili hayagombani, maana chumba kinachokungoja namna hii unaweza kukiacha, na unaweza kubaki humo pia, bila kufungwa.

"Mwanangu," mama kutoka chini, sauti ya abiria, imejiandaa kwa lolote, "kuna baridi huko?"

Anamulika kipimajoto. Mstari umelala chini kabisa, karibu na picha ya mfuko, umefika pale pale uliposimama asubuhi ule wa kipimajoto cha nje ya dirisha, tofauti yao ni ya kubishania tu.

"Baridi, mama."

"Kama nje?"

"Kama nje. Baridi ya kuua."

Gari linanguruma uani. Kisha anasikia kijilango cha jiko kikifunguliwa, chuma kwa chuma, na gogo la pili likitiwa juu ya lile la kwanza, na mama anasema taratibu, si kwa kumwambia mtu, alhamdulillahi, na kitu kizito kinasukumwa sakafuni kwa mguu, mkoba huo, unasukumwa ukutani.

"Si nilisema," Rešad anapaza sauti kutoka uani, ameshinda, na furaha yake ina huzuni ndani, "baridi kama nje, basi yameisha, mshushe mama twende kabla barabara haijafungwa."

Na Mevlida amepiga magoti pale pale, mgongo chini ya kenchi, meno yanagongana, mkono bado umo ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, na anapojibu anasikia kicheko cha babo kinapanda kooni mwake pia, kumbe na kwake kilikuwepo.

"Zima gari, kaka," anasema. "Unawapasha moto kunguru."